Mtu wa Mizani na Jembe la Mjane

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumatano, nilifunga daftari langu nikangoja watu wacheke. Sura niliyomaliza kuwasomea ilikuwa na mahali pawili ambapo, kwa makisio yangu, mtu yeyote angecheka. Hakuna aliyecheka. Watu ishirini na mmoja waliokaa juu ya magunia matupu walikuwa wakitazama miguu yao. Wachache waligeuza shingo kidogo, wakatazama nyuma ya ghala, kisha wakarudisha macho chini upesi kama waliogusa sufuria ya moto.

Nyuma ya ghala alikuwa amekaa mwanamke mmoja peke yake, mjane wa miaka arobaini na kitu. Yeye hakutazama chini. Alikuwa akinitazama mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, mwezi wa tano, katika kijiji kimoja kati ya Kolandoto na Mwadui. Watu wa pale walikuwa na mwaka wa pili tangu wahamishwe kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, wakapangwa kando ya barabara katika mistari iliyonyooka. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye gulio la pamba. Msimu wa kununua pamba ni miezi michache tu. Miezi mingine nilikuwa nikilinda ghala tupu, na kila Jumatatu na Jumatano alasiri nilifundisha humo darasa la kisomo cha watu wazima.

Sikuwa mtu wa huko. Nilizaliwa Uzinza, upande wa ziwa, safari ya nusu siku kutoka Chato. Nilisoma hadi darasa la sita, nikapata kazi ya kuandika vifaa vya stoo kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, na mgodi ulipofungwa nikahamia upande wa pamba. Mambo mengine yote niliyoyajua niliyapata kwa posta. Nilisoma uhasibu kwa posta, nikasoma Kiingereza kwa posta, na mwaka ule, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nilikuwa nasoma uandishi wa hadithi. Vijitabu vilikuwa kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na mwishoni mwa kila kimoja palikuwa na maswali ya kujibu na kurudisha.

Kijitabu cha tano kilihusu migogoro. Kilisema hadithi isiyo na mgogoro ni taarifa tu, na kwamba migogoro iko ya aina nne: ya mtu na mwenzake, ya mtu na jamii yake, ya mtu na maumbile kama ukame au mafuriko, na ya mtu na nafsi yake. Kilieleza pia kwamba ziko riwaya zinazobuni nchi ya miaka ijayo ambako kila kitu kimepangwa vizuri na kila kitu kimeharibika, na kwamba riwaya za namna hiyo hujengwa juu ya aina ya pili. Nilipiga mstari hapo kwa wino mwekundu. Nilitaka kuandika riwaya ya namna hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wangu walikuwa wamejua kusoma na hawakuwa na cha kusoma, ila kitabu cha kilimo bora cha pamba na kingine cha kuchimba choo. Pili, nilidhani ninacho kisa.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Katika nchi yangu ya kubuni, serikali hutangaza uzito wa mavuno kabla ya mavuno. Kazi ya watu wa mizani ni kuhakikisha mizani inakubaliana na tangazo. Mtu mmoja wa mizani anakataa. Anaandika uzito alioupima. Hawamfungi wala hawampigi. Wanatoa amri kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote asimsalimie, asimjibu, asimpe moto wala maji, mpaka afe. Adhabu hiyo niliifikiria kwa wiki mbili nzima. Nilijiona nimebuni jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba mtu wa ofisi ya elimu angelisikia lile tangazo la mavuno na kuuliza ninamsema nani. Kwa ajili hiyo nilikuwa nimejiandalia majibu matatu.

Jumatano hiyo niliwasomea sura ya tatu, ile ya amri. Baada ya kimya kile niliwaachia watu waende. Mmoja akabaki.

Aliyebaki alikuwa mkuu wa elika. Elika ni kikundi cha kulima pamoja: ngoma ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, wakaenda kulima shamba la mwenye zamu, au la mgonjwa, au la mjane. Mkuu wake huitwa nsumba ntale, na kwa jina ni mkuu wa vijana, ingawa huyu alikuwa na miaka hamsini hivi na meno mawili ya mbele yamekwisha. Alikuja darasani ili ajue kuandika orodha ya watu wake. Aliniuliza kwa utaratibu kabisa ni nani aliyenituma.

Nilimwambia hakuna aliyenituma, hadithi nimeibuni.

"Umebuni," alisema. "Moto umebuni. Maji umebuni. Kutosalimia nako umebuni."

"Ndiyo, nsumba ntale."

Alikaa tena juu ya gunia, akaanza kunieleza kama unavyomweleza mtoto wa watu aliyekosea njia. Hapo ndipo nilipojua ya kwamba kile nilichokaa wiki mbili nikikibuni kilikuwa desturi ya mahali pale, ya zamani kuliko babu yake. Mtu asiyetokea elika bila sababu hutozwa mbuzi. Akimtoa, mbuzi analiwa siku hiyohiyo na neno limekwisha. Asipotoa, anatengwa. Hakuna atakayemjibu salamu, hakuna atakayempa kaa la moto, wanawake watangoja aondoke kisimani ndipo wateke. Anayezungumza naye hutozwa mbuzi vilevile.

Yule mjane aliyekaa nyuma alikuwa ametengwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Elika ilikuwa imeitwa kulima shamba la mtu mgonjwa, yeye hakuonekana. Siku hiyo alikuwa amekwenda Mwadui kuuza karanga kwa watu wa mgodi wa almasi, na hilo halikuwa siri, kwa sababu alirudi na blanketi jipya. Akaambiwa atoe mbuzi. Akakataa.

Nilipanga upya mambo niliyoyaona kwa miezi mitano bila kuyaelewa. Nilikuwa nimedhani mama yule ni mpole. Nilikuwa nimeona kwamba nikimwita asome ubaoni, wenzake wote hutazama nje, nikafikiri wanamwonea haya. Nilimwona akirudi kwa miguu kutoka Kolandoto na kiberiti na chumvi, vitu vilivyokuwa dukani hatua mia kutoka mlangoni kwake, nikafikiri ni mtu anayependa bei nafuu.

"Mimi nilipiga ngoma kutangaza," alisema mkuu wa elika. "Siwezi kupiga ngoma nyingine kutangua. Na wageni wanakuja."

Hapo akanieleza jambo lenyewe. Binti wa mjane alikuwa amechumbiwa na kijana wa upande wa Geita, na watu wa kijana walikuwa waje kutoa ng'ombe wa mahari Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ng'ombe wa mahari hawapokelewi na mama peke yake. Majirani huja, wakakaa uani, wakawakagua ng'ombe mmojammoja, wakakataa huyu kwa sababu ya pembe na yule kwa sababu ya jicho. Mgeni akikuta uani hakuna mtu, hahitaji kuuliza. Anageuza ng'ombe wake. Na binti aliyegeuziwa ng'ombe barabarani, alisema, ataolewa tena wapi?

Nilimwuliza kwa nini basi asimsamehe mama yule kwa ajili ya binti. Alisikitika. Akasema kusamehe anataka, tena tangu mwezi wa pili, lakini msamaha una mlango mmoja, nao ni mbuzi.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, mjane alikuja ghalani. Alipiga magoti kidogo kwenye mlango kwa kuniheshimu, ingawa alinizidi umri, nami nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeanza kuisahau. Nilimkaribisha gunia. Hakukaa.

Aliniambia kwamba siku ile ya elika alijua atakuwa Mwadui, kwa hiyo alfajiri alipeleka jembe lake kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, akamwomba aende nalo shambani na kusema, hili ni la fulani, yuko safarini. Huo ni utaratibu unaokubalika. Jembe likifika, mtu amefika. Lakini jioni aliporudi alikuta ametajwa kuwa mtoro. Jirani hakusema neno. Siku ya pili jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani kwake, lina udongo mbichi.

"Nikitoa mbuzi, nimesema mimi mvivu," alisema. "Sikuwa mvivu. Mbuzi ninao watatu. Si habari ya mbuzi."

Nilimwambia ningeweza kumsemea kwa mkuu wa elika. Alikataa mara moja. Mtu aliyetengwa akisemewa na mgeni wa serikali, alisema, ataonekana amekwenda kushtaki, na hapo hata mbuzi watatu hawatatosha. Kisha akaniuliza kuhusu yule mtu wa mizani. Mwisho wake unakuwaje?

Nilimjibu ukweli, kwamba nilikuwa nimepanga afe peke yake katika sura ya saba.

"Ngoja kwanza, mwalimu," alisema. "Usimwue kabla ya Jumamosi."

Jumatatu sikuwa na sura mpya. Nilikuwa nimejaribu kuiandika Jumapili mchana kutwa nikashindwa, kwa sababu kila nilipotaka mtu wa mizani aseme jambo, nilimwona mjane akisimama bila kukaa. Kwa hiyo niliwaambia watu kwamba leo hatusomi, tunajadili. Nikaandika ubaoni zile aina nne za migogoro, nikazieleza, nikauliza: kisa cha mtu wa mizani ni aina ipi?

Nilitegemea wajibu aina ya pili. Mkuu wa elika aliinua mkono.

"Kwanza, mwalimu, huyo mtu ana ng'ombe wangapi?"

"Sikuandika."

"Umeandika rangi ya shati lake. Ng'ombe hukuandika."

Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mzee mmoja akasema mwacheni Mzinza wa watu, kwao wanahesabu samaki. Wakacheka zaidi. Nilingoja watulie, nikajibu kwamba mtu wa mizani hana ng'ombe, ana mshahara.

"Haya. Na faini yake ilikuwa nini?"

Nilisema hapakuwa na faini. Amri ilikuwa ya maisha.

Nilidhani jibu hilo litawaogofya. Liliwakasirisha. Walianza kusema wote kwa pamoja, wengine kwa Kisukuma, na ilinichukua muda kuelewa kwamba waliniona nimeandika upuuzi. Hapawezi kuwa na nchi kama hiyo, walisema. Mtu hutengwa ili arudi. Ukimtenga bila kumwambia atarudi kwa kitu gani, wewe humwadhibu, umemtupa tu, na mtu wa kumtupa si angefukuzwa tangu mwanzo? Tena faini isiyotozwa, italiwa na nani? Mzee yule wa samaki alisema serikali yangu ina wasiwasi na haina njaa, na kwamba hajawahi kuona serikali isiyo na njaa.

Niliyaandika maneno yao daftarini wakati huohuo, kwa sababu niliona kuwa walikuwa wameona tundu la hadithi yangu ambalo kijitabu hakikuliona. Lakini sikuwa nimesahau ni nani amekaa nyuma. Nikauliza: na kama mtu wa mizani hakukosa?

Ndipo sauti ile ya kukwaruza ikatoka nyuma ya ghala.

"Mwalimu, mimi naona mtu wa mizani alituma jembe."

Hakuna aliyegeuka. Kusema naye kulikuwa mbuzi. Niliona migongo ishirini na mmoja ikikaza. Mkuu wa elika alikuwa akitazama ubao, na nilimwona akiufikiri ubao ule kama mtu anayetazama mto akitafuta mahali pa kuvukia. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyo mtu wa mizani, kama alituma jembe, alilituma kwa nani?"

Sikuwa nimeandika jembe popote. Katika nchi yangu ya kubuni hapakuwa na jembe hata moja. Nilitazama nyuma, mjane akaniambia mimi:

"Alilituma kwa jirani. Lilirudi na udongo."

"Mwalimu," alisema mkuu wa elika, macho ubaoni, "mwambie mtu wa mizani kwamba siku hiyo majembe yalihesabiwa. Yalikuwa thelathini na manne. Watu walikuwa thelathini na wanne. Hakukuwa na jembe lisilo na mtu."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano, nusu saa nzima, kupitia kwangu na kupitia kwa mtu asiyekuwepo. Hakuna aliyevunja desturi. Watu walikuwa wanajadili kitabu. Nilipowaachia saa kumi na mbili kasoro robo, walitoka polepole kuliko kawaida, na niliona jambo moja ambalo niliamua kutolisema. Mwanamke mmoja, jirani yule wa ukuta kwa ukuta, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa mcheshi kuliko wote darasani, hakuwa amefungua mdomo tangu jembe lilipotajwa.

Kati ya Jumatatu na Jumatano niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika kwamba nchi ile ilikuwa na siku ya kulima pamoja, na kwamba mtu wa mizani alituma jembe lake, na kwamba majembe na watu vilikuwa sawa kwa idadi. Zaidi ya hapo sikujua kilichotokea. Nimeshasema kuwa kazi yangu ilikuwa mizani. Mizani ikisoma sawa na bado unajua kuna gunia lililopungua, unatafuta gunia lililopimwa mara mbili. Lakini hapa sikuwa na haki ya kutafuta.

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya darasa kabla ya wageni. Watu walifika mapema. Niliwasomea zile kurasa kumi na moja, nikaishia mahali pa hesabu ya majembe, nikasema kwamba hapa mwandishi amekwama.

Nje mbuzi wa mtu alikuwa akitafuna kamba ya mlango na hakuna aliyeinuka kumfukuza.

Jirani alisema bila kuinua uso. Alikuwa akivuta uzi wa gunia alilokalia.

"Labda yule aliyepokea jembe, lake lilikuwa limevunjika."

Mkuu wa elika alimwuliza taratibu, "Limevunjika lini, mayu?"

Mayu ni mama. Alilitamka kama unavyomwita mama wa mwenzako unapotaka asiogope.

"Usiku ule. Mpini na shingo. Labda alikuwa ametozwa mara mbili mwaka huo, mara ya tatu ni ng'ombe. Labda ng'ombe mwenyewe ni mmoja, ndiye anayekamuliwa watoto wapate kunywa. Labda alifika shambani ana jembe la mwenzake mkononi, wakahesabu, akasema moyoni, nitasema kesho." Aliuvuta uzi ukakatika. "Kesho yake ngoma ikawa imeshalia."

Sikuandika kitu. Kijitabu changu kilisema aina za migogoro hupaswa kutenganishwa ili msomaji asichanganyikiwe, na mwandishi achague moja iwe kuu. Nilikuwa nazo zote ndani ya ghala moja, katika jembe moja: jirani na jirani, mjane na kijiji, mvua ya kwanza isiyomngoja mtu kutengeneza mpini, na huyu mwanamke aliyekuwa akigombana na nafsi yake kwa miezi mitano huku akitufanya sote tucheke. Sikuona ipi ni kuu. Hata leo sioni.

Mkuu wa elika aliomba chaki. Alikuwa mtu wa kuandika kwa shida, lakini alisimama akachora mistari miwili ubaoni. Alisema mtu mmoja alifika na mwili bila jembe. Mwingine alifika na jembe bila mwili. Ukiwaunganisha ni mtu mmoja kamili. Kwa hiyo mtoro alikuwepo, lakini ni nusu huyu na nusu yule, na kwa hesabu hiyo mjane amekaa nje miezi mitano kwa kosa la nusu mtu. Hilo ni kosa la elika, na elika italibeba. Watu waliguna kwa kukubali.

Lakini mbuzi alikuwa ametangazwa kwa ngoma. Mbuzi aliyetangazwa lazima aliwe. Akidaiwa mjane, itakuwa kumtoza asichodaiwa. Akidaiwa jirani, neno litakuwa jipya, litakuwa la uongo na si la utoro, na hilo ni ng'ombe. Watu walimtazama yule jirani, nami nikaona wazi kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kuanza tena, kutenga nyumba nyingine siku tatu kabla ya sherehe, na watoto wakose maziwa. Mkuu wa elika aliweka chaki chini. Kisha akanigeukia, na nikamwona akitabasamu kwa lile pengo lake.

"Mwalimu. Wewe umekuwa ukimsalimia huyu mama tangu mwezi wa kumi na mbili."

Nilisema ndiyo.

"Kila Jumatatu na kila Jumatano. Na shikamoo juu."

"Sikujua kama ni kosa, nsumba ntale."

"Mgeni hajui, tunamwacha. Tulikuacha. Lakini mgeni hawezi kujua majembe yetu yote namna hii." Akawageukia watu. "Huyu bado ni mgeni?"

Mzee wa samaki alisema Mzinza amezungumza na mtengwa mara arobaini kwa hesabu ndogo, na kwa haki angetoa mbuzi arobaini, ila kwao hawana mbuzi, tumsamehe thelathini na tisa. Ghala lote lilicheka, na katika kicheko hicho nilisikia sauti ya kukwaruza ikicheka nyuma, na watu wawili wakageuka kuitazama bila kujificha. Nilikubali kosa langu. Niliulizwa kama nalikubali kwa hiari, nikasema nalikubali kwa hiari.

Alhamisi nilipanda lori hadi mnadani, nikanunua mbuzi dume mweupe mwenye afya. Ijumaa mchana alichinjwa mbele ya nyumba ya mkuu wa elika, akahesabiwa kuwa ndiye yule mbuzi aliyetangazwa kwa ngoma. Mjane alikaa kati ya wanawake, akapewa nyama ya kwanza, akala. Jioni, kabla jua halijazama, jirani alivuka uani na kaa la moto kwenye kigae, akaliweka jikoni kwa mjane. Mjane alisema asante. Sikusikia akisema zaidi, na kwa miaka minne niliyoendelea kuishi pale sikuwahi kuwaona wawili hao wamekaa pamoja kusuka mkeka. Walisalimiana vizuri. Walipeana moto. Zaidi ya hapo ilikuwa juu yao.

Jumamosi, saa nne asubuhi, wageni wa Geita walifika na ng'ombe kumi na wanne. Ua lilikuwa limejaa. Majirani waliwakagua ng'ombe kwa masaa matatu, wakakataa wawili, kisha wakakubali mmoja wa hao baada ya kutukanana vizuri na wageni. Aliyepiga kelele kuliko wote juu ya jicho la dume mmoja alikuwa yule jirani. Binti aliolewa mwezi wa saba, wakati nimo katikati ya magunia ya pamba.

Riwaya yangu niliiendeleza, lakini si kama nilivyokuwa nimeipanga. Nilirudi kwenye sura ya tatu nikaisoma upya, nikaona kwamba watu wa darasa langu walikuwa wamesema kweli, na pia kwamba kuna jambo hawakulisema. Kutenga kwao kulikuwa kukali. Mwanamke alitembea hadi Kolandoto kwa kiberiti, katika masika, kwa kosa lisilokuwa lake, na watu wema walimwona akipita. Sitaki kulifanya jambo hilo kuwa dogo kwa sababu lilikwisha vizuri. Lakini katika kijiji kile palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukosa raha mpaka aliyetengwa arudi, naye alikaa darasani akijifunza kuandika orodha. Nilitafuta katika nchi yangu ya kubuni ni nani mwenye kazi hiyo. Sikumwona. Niliandika katika ukingo wa ukurasa kwamba nchi hiyo ni mbaya kwa sababu hiyo kwanza, na mizani inafuata baadaye. Kisha nikajibu maswali ya kijitabu cha tano. Swali la tatu lilitaka mfano wa kila aina ya mgogoro. Nilitoa mfano mmoja kwa zote nne, na msahihishaji akanipa nusu ya alama.

Riwaya haikupigwa chapa mwaka ule. Fedha niliyokuwa nimeitenga kwa mpiga chapa wa mjini Shinyanga ilikuwa imekwenda Alhamisi ile, na orodha yake bado ninayo, katika jalada la nyuma la daftari lenyewe: mbuzi shilingi sabini, pombe shilingi kumi na tano, nauli ya lori shilingi tatu, chumvi senti hamsini. Jumla, shilingi themanini na nane na senti hamsini.